Udongo ni wa Mtu Aliyefika

Mama mkwe wangu hakufungua furushi lake. Nikifumba macho ndicho ninachokiona kwanza, kabla ya mto tuliouvuka, kabla ya milio ya bunduki. Tulikuwa tumefika Heru Juu tumelowa chepechepe, mtoto mgongoni mwangu hana hata nguvu ya kulia. Yule mzee wa Kiha aliyetupokea akatuonyesha pembe ya shamba lake, akasema, "Hapa. Kaeni hapa nyuma ya migomba yangu, upepo hautawafikia." Mimi nikashusha mzigo. Mume wangu akashusha wake. Mama mkwe akaketi chini, furushi mapajani, amelikumbatia kama mtu anayengoja gari.

Majina ya wote ninayo. Hata jina la mbuzi wa yule mzee ninalo, yule aliyekuwa anakula kamba za nguo. Lakini hapa sitaandika jina la mtu. Wengine wajukuu zao wanapita mlangoni pangu wakienda shule, na waliokufa sikuwahi kuwaomba ruhusa.

Ulikuwa mwaka wa sabini na mbili. Kwetu Burundi watu walikuwa wanakuja kuchukuliwa majumbani, na aliyechukuliwa harudi. Tukakimbia mume wangu, mama yake, mimi na mtoto. Mdogo wangu wa kike na mumewe tulivuka nao, wao wakashika njia ya Kibondo, wakaishia Kasanda. Sisi tukapanda huku Kasulu. Ukiniuliza kwa nini huku na si kule, sijui. Mtu anayekimbia hachagui, miguu ndiyo inayochagua.

Jioni ile ile mama mkwe akamwita mwanawe.

"Mwanangu, baba yako amelala nyuma ya nyumba yetu. Mahali pangu ni ubavuni kwake. Usije ukanizika kwa watu."

"Mama, nani amesema habari za kufa?"

"Mimi nimesema. Apa."

"Mama, tumechoka, tulale kwanza."

"Utalala ukishaapa."

Akaapa. Aliapa kwa baba yake, na kwetu ukiapa kwa mzazi aliye kaburini hakuna wa kukufungua, maana mwenye kufungua hasemi tena. Alisema, "Sitakuzika ugenini." Yule mama akatikisa kichwa mara moja, akaomba moto wa kiko chake. Tangu siku ile nyumba yetu haikuwa yangu wala ya mume wangu. Ilikuwa ya kiapo kile.

Tazama mume wangu alivyojenga. Akakata fito chache, akazikunja juu, akafunika nyasi mpaka chini. Basi. Kibanda kama cha mtu anayelinda mahindi yasiliwe na ngedere. Mke wa yule mzee alikuwa mwanamke mrefu, sauti yake ikianza kwake inafika kisimani. Akaja, akakizunguka kile kibanda, akainama, akachungulia ndani.

"Yemwe mgeni," akaniita kwa Kiha chake, "mume wako amejenga nyumba au anatega kware?"

"Ni ya muda tu, mama."

"Ya muda! Hata mvua ni ya muda, lakini mtu analowa." Akamgeukia mume wangu. "Baba, udongo si huu hapa umejaa? Niite wanawake, tuukanyage, tukukandikie kuta. Siku moja tu, imekwisha."

"Asante mama," mume wangu akasema. "Udongo ni wa mtu aliyefika. Sisi tuko njiani."

"Njiani? Aliye njiani hatembei?"

Nikacheka, mume wangu akanitazama, nikanyamaza. Mama mkwe alikuwa ameketi pale pale, akasema kwa Kirundi, na Mha anakielewa kama chake, "Mwacheni mwanangu. Anajua anachofanya." Wale mama wawili walipatana baadaye, wakawa wanapokezana kiko kimoja, huyu anavuta yule anatema. Lakini juu ya udongo hawakupatana.

Shamba nalo hivyo hivyo. Mume wangu alipanda maharage, mahindi, viazi, vitu vya kuvuna upesi ukaondoka. Muhogo alikataa. "Muhogo unangoja mwaka na nusu chini," alisema, "mimi wa kungoja huo mwaka na nusu ni nani?" Tukawa tunakwenda kuomba muhogo kwa majirani, sisi wenye mikono.

Siku moja yule mzee mwenyeji akaja mwenyewe, amebeba miche ya migomba begani. Nataka uelewe jambo hili. Huku, na kwetu pia, mtu uliyemwazima shamba hapandi mgomba. Mgomba haukomi, ukikata huu unaota ule, kwa hiyo ukiupanda ni kama umesema ardhi ni yako. Watu wamepelekana mpaka barazani kwa ajili ya mgomba mmoja. Sasa mwenye shamba alipotuletea miche kwa bega lake, alikuwa ametuambia: hamkuazima tena, ni penu. Mume wangu akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa maneno mazuri, akaiegemeza ubavuni mwa kibanda. Ikakaa pale. Ikanyauka pale. Mzee alipita, akaona, akaacha kuja jioni kuzungumza, na mimi nikawa napita mbali na mlango wake kwa aibu.

Nikamwambia mume wangu, "Baba, umemtukana mtu."

"Nikipanda, nitamwambia nini mama? Ataona migomba mlangoni, atajua nimemdanganya."

"Na mimi unaniambia nini?"

"Wewe ni kijana bado," akasema. Hapo nilikuwa nimeanza kukohoa na mtoto naye anakohoa, nyasi zile zilikuwa zinavuja kila mahali.

Mdogo wangu alikuja kututembelea kutoka Kasanda, safari ya kulala njiani. Alifika amenona. Wao huko walikuwa wamekandika nyumba, wamepanda, wana kuku. Akaangalia tunapolala.

"Dada, bado mko porini?"

"Nyamaza, mama atasikia."

"Asikie. Huyu mama mkwe wako anataka kurudi, sawa. Arudi na nani? Wewe utamrudisha?"

Mama mkwe alisikia. Mdogo wangu alipoondoka, mama akasema, "Mdogo wako ameshasahau njia ya kwao. Wewe mukazana wangu usisahau." Mukazana ni mke wa mwana. Aliniita hivyo siku zote, kwa upole, na upole wake ulikuwa mzito kuliko matusi.

Mume wangu kila siku ya soko alikwenda Kasulu mjini, akakaa na watu wa kwetu nyuma ya maduka, kusikiliza. Waliovuka karibuni ndio waliokuwa redio yetu. Alirudi akasema tutarudi kwetu mvua ikiisha. Mvua ikaisha, akasema wakishavuna. Mwaka uliofuata watu walivuka wengi tena, na hao ukiwauliza habari walikuwa wanakwambia, "Usiniulize." Nilikwenda naye siku moja kuuza maharage, tukakutana na mtu wa kilima chetu kabisa, tumekua tunamwona. Mume wangu akamvuta pembeni.

"Nyumba yetu?"

"Ina watu."

"Watu gani?"

"Watu. Wanalima, wanapika. Wamekata ua."

"Na kaburi la baba?"

Yule mtu akatazama miguu yake. "Kuna viazi pale, ndugu yangu. Vimestawi."

Tukarudi. Karibu na nyumbani mume wangu akasimama, akaniambia, "Mama asijue." Nikasema ndiyo. Akaingia, mama akamuuliza kama kawaida, "Umesikia nini?" Akajibu kama kawaida, "Mvua ikiisha, mama." Mimi nikaenda kuchota maji, na maji yalikuwepo.

Sasa ukaja wakati wa kuhamia vijijini. Walihamishwa wote, wenyeji na wageni, kutoka mashambani kwenda kujipanga kando ya barabara, nyumba kwa mstari. Yule mzee aliyetupokea aliacha migomba aliyoachiwa na baba yake, migomba ambayo ukiingia ndani mchana unaona giza. Siku ya kuhama alimkuta mume wangu anafunga mizigo. Ndipo akamsemesha tena.

"Unaona, mgeni? Ulifanya vizuri hukupanda. Sasa wote tuko njiani."

Akacheka peke yake. Mkewe hakucheka, alikuwa anang'oa mafiga jikoni, analia kwa sauti ile ile yake ya kufika kisimani.

Kule kijijini tulipewa kiwanja karibu nao. Palikuwa juu ya mgongo wa kilima, peupe, hakuna hata mti, na Heru ni nchi ya baridi. Asubuhi ukungu unakaa mpaka unasahau kama kuna jua. Mwenyekiti akatangaza kila mtu ajenge nyumba ya kweli, ya miti na udongo. Mume wangu akasimamisha miti, nikafurahi. Akafunga fito, nikafurahi zaidi. Halafu akazungushia nyasi, akasema kukandika ni baadaye. Nyumba za watu zikawa nyekundu mstari mzima, yetu ikabaki na manyoya.

Kule nyuma ya migomba tulikuwa na kizuizi. Huku upepo uliingia upande huu ukatokea upande ule. Mama mkwe alianza na kikohozi kidogo. Kikateremka kifuani. Akawa anakaa usiku na mchana, hawezi kulala chali, na furushi liko mgongoni anaegemea.

Tulimpeleka zahanati kwenye ingobyi, kile kitanda cha mianzi ambacho wanaume wanakipokezana mabegani. Kwa Waha hakuna mtu anayeombwa kubeba. Mgonjwa akipita mbele ya nyumba yako unatoka, unaingiza bega. Watu ambao mume wangu hakutaka kuwa jirani yao walimbebea mama yake kwenda na kurudi. Mganga pale alikuwa ametoka pwani, kijana, Kiswahili chake laini mpaka nilikuwa nashindwa kukishika. Akasikiliza kifua muda mrefu.

"Nyanya huyu analala wapi?"

"Nyumbani," mume wangu akasema.

"Nyumba ina kuta?"

Mke wa yule mzee mwenyeji, jirani yetu, akajibu nyuma ya mume wangu, "Ina nyasi, mwanangu. Kuku wangu anataga pazuri zaidi."

"Basi hizi sindano nitampiga," mganga akasema, "lakini mkimrudisha kwenye upepo, ni kama kumimina maji kwenye kapu. Mtieni mahali pakavu, pasipopita baridi. Fanyeni haraka."

Mume wangu alifanya haraka, lakini si hiyo. Usiku wake tulimsikia mama akisema, "Nipeleke. Sasa. Nikifia njiani nitakuwa nimekaribia." Alfajiri mume wangu akachukua fimbo, akashika njia ya mtoni, kutazama kama iko namna ya kumvusha. Aliniambia, "Mchunge."

Alipopotea tu barabarani, jirani yangu akasimama mlangoni, jembe begani, nyuma yake wanawake watatu.

"Haya," akasema. "Mwenye nyumba hayupo. Maji yako wapi?"

"Mama, atakasirika."

"Akasirike ukuta ukiwa umesimama. Toa maji."

Nikatoa. Tukachimba shimo, tukamwaga maji, tukakanyaga udongo kwa miguu, nguo tumezikunja magotini. Walikuwa wanaimba, mimi sikuimba. Tukaanza upande wa upepo. Unachukua donge, unalipiga kwenye fito, linalia pwaa, unalisambaza kwa kiganja. Tulikuwa tumefika nusu ya ukuta nikasikia ananiita ndani. Nikaingia na udongo mikononi.

"Ni nini hicho kinachopiga?"

"Udongo, mama. Tunaziba upepo."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa safi kabisa, homa ilikuwa haijayafikia.

"Mukazana," akasema, "mnanifukia na mimi ninasikia?"

Nikasema hapana mama, ni ukuta, ni ukuta tu. Akageukia upande wa pili ambao ulikuwa bado nyasi na mwanga unapita. Nikatoka, nikamwambia jirani alivyosema. Akaligeuza donge mkononi. Kisha akasema taratibu, ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akisema taratibu, "Anajua. Lakini baridi nayo haijui. Endelea." Tukaendelea. Tulimaliza pande tatu, na ule upande wake wa mwanga mimi nikasema tuuache. Hakuna aliyebisha.

Mume wangu alirudi siku ya pili jioni. Akasimama mbele ya nyumba, akatazama kuta zilizo mbichi zinang'aa. Nilidhani atanipiga, ingawa hakuwa mtu wa kupiga. Alipita akaingia. Nikamfuata.

"Umeona njia?" mama akamuuliza.

Na yeye, ambaye miaka yote alikuwa na jibu la mvua, safari hii akapiga magoti, akashika mguu wa mama chini ya blanketi. Kule mtoni, aliniambia baadaye, alikuta watu wanavuka kuja huku, wamebeba mtoto aliyekufa, na mmoja wao akamuuliza kama ana wazimu.

"Mwanangu," mama akasema, "kumbe hujaona."

"Sijaona, mama."

"Basi."

Baada ya hapo hakusema tena neno la maana, aliita tu watu wa zamani, na mimi niliwajua karibu wote kwa majina yao. Kuta zilichelewa kukauka, jua halikutoka. Akafa asubuhi ya ukungu, na mume wangu bado ameshika mguu.

Mwenyekiti alisema wafu wa kijiji wana mahali pao, mbali, kila mtu anapelekwa huko. Mume wangu akamjibu, "Huyu simpeleki tena popote." Yule mzee mwenyeji akaenda kuzungumza na mwenyekiti, sijui alisema nini, wakakubali tuzike nyuma ya nyumba. Mume wangu alichimba mwenyewe. Waliotaka kumpokea jembe aliwakatalia, mpaka yule mzee akaingia shimoni bila kuomba, mtu wa mvi, akaanza kutoa udongo kwa mikono. Ndipo mume wangu akalia. Alilia kama mtu anayetapika. Alikuwa anasema, "Nimemzika kwa watu, nimemzika kwa watu," na yule mzee anamwambia, "Chimba, mwanangu. Chimba kwanza."

Furushi tulilifungua ili tupate kitu cha kumvika. Ndani mlikuwa na kitenge kimoja, mbegu za mtama zilizoliwa na wadudu zimebaki unga, na jiwe dogo la kusagia ambalo sikuwahi kujua amelibeba njia yote ile.

Kwetu matanga yana wenyewe. Ndugu wa upande wa baba ndio wanaowaondoa watu kwenye msiba, wanakunywa pombe ya mtama pamoja, wanasema mkalime sasa, na kila mtu arudi kwa mkewe. Sisi ndugu hao hatukuwa nao. Walikuwa wamekufa au hawajulikani. Tulikaa, tukangoja nani aje atuondoe, hakuna. Siku moja mume wangu akachukua jembe akaenda shambani bila mtu kumwambia, na kwa hesabu ya kwetu msiba ule haujaisha mpaka leo.

Miaka ikapita, tukazaa wengine. Mwishoni mwa miaka ile ya sabini ikaja habari kwamba malori yanachukua watu wa kwetu kuwapeleka makazi ya kusini, kila familia shamba lake, watu wa lugha moja pamoja. Mdogo wangu na mumewe walikuwa wamejiandikisha. Alikuja Heru mapema, kabla malori hayajapita, amenikatia shauri tayari.

"Dada, huko hakuna wa kukuita mgeni. Wote wageni. Fungasha."

Nilitaka kwenda. Nitasema wazi, nilitaka sana. Nilikuwa na ndugu mmoja tu duniani na alikuwa amesimama mbele yangu. Nikaenda kwa mume wangu, alikuwa anapalilia.

"Twende," nikamwambia. "Wanatoa ardhi. Ya kwetu wenyewe."

Hakuinua kichwa. "Nani atabaki naye?"

"Baba, amekufa."

"Ndiyo. Alikuwa haogopi kufa. Aliogopa kuachwa kwa watu. Kumzika kwa watu nimeshamfanyia, hili la kumwacha unataka nilifanye pia?" Akang'oa jani, akakung'uta udongo. "Wewe nenda na watoto. Sitasema kitu."

"Kwa hiyo hapa ndipo kwetu sasa?"

"Hapana," akasema. "Ni kwake."

Nikarudi nyumbani nikamwambia mdogo wangu siendi. Alinitukana, akaniita mjinga, akaniita mke wa kaburi, kisha akanivulia khanga yake ya pili akanipa, akaondoka anakwenda kungoja lori barabara kubwa.

Malori yalipita kesho yake, vumbi tupu. Watu walikuwa wamesimama wamebanana, wamejifunika vichwa, na kila lori nililopungia mkono sikujua kama yumo. Jirani yangu alikuwa kando yangu. La mwisho lilipopita akanigusa bega, akaenda kwake. Mimi nikachukua jembe nikaenda shambani, maana maharage yalikuwa yamezidiwa na magugu, na mume wangu alikuwa ameshika mistari yake bila kugeuka, akiniachia yangu.